Mfuko wa sokoni kwa vipande vya vitenge: vipimo, mishono na mahali unapoharibika

Chini ya meza ya karibu kila fundi cherehani kuna kiroba cha vipande. Vingi huishia kujazia mito, vingine huchomwa na taka. Ukivimwaga sakafuni utaona kwa nini watu hushindwa kuvitumia: vimetoka kwenye makwapa, shingo na pembe za sketi, kwa hiyo vina umbo la mwezi, pembetatu, au ukanda mwembamba uliopinda. Kibaya zaidi, vingi vimekatwa mshazari. Kitambaa kilichokatwa kufuata nyuzi zake hakivutiki sana. Kikikatwa mshazari huvutika kama kina mpira.

Hapo ndipo mifuko mingi ya vipande inapoharibika. Ukiunganisha vipande hivyo vyenyewe kwa vyenyewe, mfuko unapendeza ukiwa mezani, lakini ukitiwa kilo tatu za viazi unarefuka upande mmoja na kitako kinaning'inia. Usihangaike kutafuta vipande bora zaidi. Weka kitambaa cha msingi: pande moja zima, lililokatwa kufuata nyuzi, na vipande vyote vishonwe juu yake. Msingi ndio unaobeba mzigo, vipande ni uso tu. Ukilishika hilo, hata kipande cha kwapa kina kazi.

Mfuko tunaoushona hapa una mdomo wa sentimita 40, kimo cha 37, kitako cha 30 kwa 10, na mishikio inayopita begani. Unatosha mboga, nyanya na mfuko wa unga. Ndiyo kazi ambayo mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ilikuwa ikifanya kabla ya marufuku ya 28 Agosti 2017 nchini Kenya na ya 1 Juni 2019 Tanzania Bara.

Vitu vya kuandaa

Vipande vya kutosha kufunika pande mbili. Ukivijumlisha vyote ni sawa na karibu nusu mita ya kitenge cha upana wa kawaida, lakini okota mara moja na nusu ya hapo, maana vingine utavikataa.

Msingi: vipande viwili vya sentimita 44 kwa 46. Amerikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ndiyo bora kuliko vyote. Jinzi nyepesi inafaa. Shuka kuukuu la pamba linafaa pia kama halijachakaa. Likishikwa mbele ya dirisha na mwanga ukapita kirahisi, likunje liwe tabaka mbili.

Bitana (kitambaa cha upande wa ndani): vipande viwili vya 42 kwa 44, pamba yoyote nzima. Mfuko mdogo wa ndani: kipande cha 20 kwa 34.

Mishikio: kanda mbili za 10 kwa 72, na kanda mbili za jinzi za sentimita 2.3 kwa 64 za kutia ndani.

Uzi wa polista. Uzi wa zamani uliokaa juani ujaribu kwanza: funga kwenye vidole viwili uvute kwa nguvu, ukikatika kirahisi usiutumie hata kwa bandi, yaani mishono ya muda ya kushikiza. Sindano namba 14 kwa pande za mfuko, namba 16 kwa mishikio na kwa msingi wa jinzi. Pasi, chaki, rula ndefu, pini, na mkasi ambao hautumiwi kukatia karatasi.

Kuchagua na kufua

Chukua pamba: kitenge, khanga, shati kuukuu, jinzi. Acha satini, jezi na kila kitambaa kinachovutika. Polista nyembamba nayo iache, kwa sababu haipokei pasi kwa joto lile lile la pamba. Ukiweka joto la pamba inayeyuka, ukipunguza joto kitenge cha jirani yake hakilali.

Fua vyote kabla ya kukata, na msingi hasa. Amerikani mpya hurudi. Ukiushonea vipande bila kuufua, siku ya kwanza ya kufua mfuko msingi utarudi, vipande vitabaki vilivyo, na uso wote utajikunja kama ngozi ya embe lililokauka. Kitenge kipya nacho kina dawa inayokifanya kiwe kigumu. Ikitoka majini utajua unene wake wa kweli.

Khanga na vitenge vyekundu, vyeusi na vya buluu huchuja rangi. Loweka kila rangi kali peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha kikiwa bado kibichi kisugue kwa kitambaa cheupe. Kikiacha doa, rudia. Wengi hutia chumvi kwenye maji wakiamini inashika rangi; kwa kitambaa ambacho tayari kimetoka kiwandani chumvi haitibu kitu, kusuuza ndiko kunakotibu. Kisichokoma kuchuja baada ya mara tatu au nne kitupe nje ya kazi, kwa maana kitachafua vyote vilivyobaki.

Sasa piga pasi, kisha pima upana. Chochote chenye upana chini ya sentimita 4 weka kando: mshono utakula sentimita moja kila upande na kitakachoonekana ni 2 tu, tena kwa unene wa kukera sindano.

Kugeuza vipande kuwa kanda

Unahitaji kanda zenye urefu wa sentimita 46. Upana uwe wowote kati ya 5 na 12. Kuchanganya kunapendeza kuliko kulinganisha. Ukipenda zilingane, kanda 7 za upana wa 8 zinatoa 44 kamili kwa upande mmoja, maana kila muungano unakula sentimita 2. Kwa mfuko mzima ni kanda 14.

Vipande vifupi viunganishe mwisho kwa mwisho hadi vifike 46, kisha panua mshono kwa pasi, nusu huku nusu kule. Unapopanga kanda, hakikisha viungo vya kanda mbili za jirani havikutani mahali pamoja. Vikikutana panakuwa na nundu ambapo cherehani itakwama.

Kipande cha umbo la mwezi usikiache kilivyo. Weka rula, chora mistari miwili iliyonyooka, kata. Si lazima mistari iwe sambamba: ukanda mpana juu na mwembamba chini unakubalika, ila ukiweka mmoja hivyo, ufuatao ugeuze, wembamba uende juu. Ukiweka kadhaa kwa mwelekeo mmoja mistari inafunguka kama upepeo, na ya mwisho inalala badala ya kusimama.

Kanda zisimame, zitoke mdomoni kwenda kitakoni. Zikilala, mzigo unavuta kila mshono uachane. Zikisimama, mzigo unafuata urefu wa mshono. Kwa mfuko wa mapambo haijalishi. Kwa mfuko wa sokoni inajalisha.

Ukiwa na kipande cha khanga chenye jina, usikikate maandishi katikati. Kanda zetu zimesimama, kwa hiyo jina litasomeka kwa ubavu. Mahali pake pazuri ni mbele ya mfuko mdogo wa ndani, ambapo litasomeka kila mfuko unapofunguliwa. Acha sentimita 1.5 juu na chini ya herufi, la sivyo mshono utazimeza.

Kushonea kwenye msingi

Tandaza msingi, chora mstari wa wima katikati kabisa, kisha mistari mingine kila baada ya sentimita 10 kulia na kushoto. Mistari hii haitaonekana tena, ila ndiyo itakayokuambia mapema kwamba umeanza kwenda upogo.

Ukanda wa kwanza uweke katikati, uso juu, sambamba na mstari. Ushikize kwa pini. Wa pili uweke juu yake, uso kwa uso, kingo za kulia zikilingana. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, ukipita tabaka zote tatu: ukanda wa pili, wa kwanza, na msingi. Bandika kipande cha utepe kwenye bamba la cherehani sentimita 1 kutoka sindano, kiongoze kitambaa. Macho peke yake hudanganya. Stichi iwe ya milimita 2.5.

Fungua ukanda wa pili, upige pasi ulale kabisa. Kupiga pasi hapa maana yake ni kukandamiza, kuinua, kukandamiza tena. Ukiiburuta pasi utavuta vile vipande vya mshazari na kuviharibu. Kama ni pasi ya mkaa, ifute chini kwa kitambaa kibichi kila mara na usiipeperushe karibu na kazi, cheche ndogo inatosha kutoboa.

Endelea hivyo hadi ukingo wa kulia, kisha rudi katikati ufanye upande wa kushoto. Kuanzia katikati kuna sababu: kila mshono unauvuta msingi kidogo, na ukianzia pembeni mvuto wote unarundikana upande mmoja. Vilevile badilisha mwelekeo: mshono mmoja kutoka juu kwenda chini, ufuatao kutoka chini kwenda juu. Meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu. Ukishona yote kwa mwelekeo mmoja pande linapinda kama upinde.

Angalia jambo la rangi. Kwa njia hii mshono daima unaangukia chini ya ukanda mpya. Ukanda mpya ukiwa mweupe na uliotangulia ukiwa mweusi, ukingo mweusi utaonekana kwa chini kama kivuli. Kabla ya kufungua, kata ukingo mweusi ubaki nusu sentimita ili mweupe uufunike.

Pande likijaa, piga mshono wa juu, yaani unaoonekana usoni, milimita 3 pembeni mwa kila muungano. Ni hiari, lakini unaufunga uso na msingi kuwa kitu kimoja. Kisha pima upya na kata 42 kwa 44 kamili, ukihakikisha kona ni za mraba. Ndiyo maana tulianza na 44 kwa 46: msingi hupungua hadi sentimita moja wakati wa kushona. Ukijikuta umepata 41 kwa 43, usilazimishe. Kata na bitana kwa kipimo hicho hicho.

Mishikio

Mshikio unaweza kutokana na vipande vilivyoungwa, ila viungo viwe vya mshazari ili unene usambae, na kisiwepo kiungo ndani ya sentimita 10 za mwisho wala katikati pale panapokaa begani.

Kunja ukanda wa sentimita 10 katikati kwa urefu, piga pasi, fungua. Leta kingo zote mbili kwenye alama ya katikati, piga pasi. Laza ukanda wa jinzi upande mmoja, ukiacha sentimita 4 tupu kila mwisho, kisha funga. Unapata mshikio wa upana wa 2.5. Zile sentimita 4 tupu ndizo zitakazoingia ndani ya mfuko. Zikiwa na jinzi, sindano itakutana na tabaka zaidi ya nane.

Shona kingo zote mbili, milimita 3 kutoka pembeni. Hapa kanuni inageuka: mishono yote miwili ianze mwisho ule ule. Ukienda na kurudi, mshikio unajisokota kama kamba na hakuna pasi itakayounyoosha.

Kuunganisha

Weka pande mbili za nje uso kwa uso, shona ubavu, chini, na ubavu wa pili, sentimita 1. Anza na malizia kwa kurudi nyuma stichi tatu. Rudia mshono wa chini mara ya pili juu ya ule ule.

Kitako: fungua kona moja, laza mshono wa ubavu juu ya mshono wa chini mpaka kona iwe pembetatu. Choma pini katikati ya mishono yote miwili uone kama imetokea pale pale upande wa pili. Isipolingana, kitako kitasimama upande. Pima sentimita 5 kutoka nchani, nchani ni pale mishono inapokutana, chora mstari wa kukata kona. Urefu wake uwe 10. Ukiwa 8, umepima kutoka ukingo wa kitambaa badala ya mshono. Shona mara mbili, kata kilichozidi ukiacha sentimita 1. Fanya kona ya pili.

Bitana inahitaji uangalifu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Ikilingana kabisa na nje, ndani itakunjamana, kwa kuwa chombo kinachoingia ndani ya kingine sharti kiwe kidogo. Anza mishono ya ubavu kwa sentimita 1 pale mdomoni, ili midomo ilingane, kisha ikishafika sentimita 5 chini iingize polepole hadi 1.3. Mshono wa chini uwe 1.5, na acha katikati yake tundu la sentimita 15 la kugeuzia. Kitako chake ni kama cha nje. Mfuko mdogo wa ndani uushone kabla: kunja kile kipande cha 20 kwa 34 kiwe 20 kwa 17, shona pande tatu ukiacha tundu dogo, geuza, piga pasi, kisha ukishone kwenye bitana sentimita 8 chini ya mdomo. Pembe za juu za mfuko huo mdogo zirudie mara tatu, maana simu huingizwa na kutolewa kila siku.

Geuza mfuko wa nje uso uwe nje. Pima sentimita 11 kutoka kila mshono wa ubavu, hapo ndipo katikati ya mguu wa mshikio. Bandika mshikio kwenye uso wa mfuko, tao likining'inia chini, na miguu yake ipite juu ya ukingo wa mdomo kwa sentimita 3. Usiikate hiyo mikia. Hakikisha haujajisokota, shikiza kwa mshono mmoja.

Ingiza mfuko wa nje ndani ya bitana iliyo kinyume, nyuso zikutane na mishikio ibaki katikati. Linganisha mishono ya ubavu kwanza, pini zifuate. Shona mdomo mzima sentimita 1. Ukifika kwenye mshikio acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano nyingi huvunjikia hapa. Kama unene unakataa kabisa, gongagonga mahali hapo kwa nyundo ndogo juu ya ubao, utapungua. Rudia mshono mara ya pili kwenye kila mguu.

Geuza kupitia lile tundu, lifunge, sukuma bitana ndani, piga pasi mdomo. Mikia ya mishikio sasa iko kati ya bitana na msingi, inaelekea chini. Piga mshono wa juu milimita 3 kutoka mdomoni, na mwingine sentimita 2.5 chini yake. Huo wa pili ndio unaoishika ile mikia, na ndio unaoufanya mfuko huu kuwa tofauti na ule ambao mishikio yake imeshikwa na mshono mmoja wa mdomo. Malizia kila mguu kwa mraba wenye msalaba ndani, kati ya mishono hiyo miwili. Kwa cherehani ya miguu isiyo na mkono mwembamba, usijaribu kuuvalisha mfuko. Ulaze, ingiza mguu wa cherehani ndani ya mdomo, na shona ukizungusha.

Cherehani ikisumbua

Uzi ukifanya mafundo chini ya kitambaa, kosa mara nyingi liko juu: uzi haujaingia vizuri kati ya visahani vya kukaza. Inua mguu wa cherehani, tunga upya tangu mwanzo, kisha ndipo uguse skrubu. Stichi zikiruka kwenye tabaka nene, badilisha sindano kwanza. Hakikisha mfereji mrefu wa sindano unaangalia upande unaoingizia uzi, na shina limefika juu kabisa. Uzi wa juu ukikatika mara kwa mara kwenye mishikio, tundu la sindano ni dogo kwa kazi hiyo. Panda kutoka 14 kwenda 16.

Kabla ya kuupa mtu au kuuza, tundika mfuko kwenye msumari ukiwa na unga wa kilo 5 ndani, uulaze hivyo usiku kucha. Asubuhi angalia mambo mawili: kama miguu ya mishikio imefungua mdomo, na kama kitako kimeshuka upande mmoja. Mshikio uliofungua mdomo unatengenezeka kwa kurudia mraba na msalaba. Kitako kilichoshuka kinakuambia kwamba msingi ulikatwa mshazari, na kwa huo hakuna mshono wa kuurekebisha. Fumua mishikio, itumie kwenye mfuko mwingine.